Kikombe Kisicho na Mstari

Mjomba alinifundisha kazi ya kikombe siku ya tatu baada ya kufika kwake. Alilala chali chini ya bawa la ndege, mimi nimechuchumaa kando, akabonyeza kijivali kidogo cha kutolea mafuta kilichoko chini kabisa ya tangi. Mafuta yakachuruzika ndani ya kikombe cha plastiki. Akatoka, akakiinua mbele ya macho yangu.

"Unaona nini?"

"Mafuta."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Hutiwa rangi huko huko kiwandani, mtu asije akayachanganya na mengine. Sasa ngoja." Akamimina humo maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Maji yakazama moja kwa moja, yakatulia chini, hayana rangi. Mafuta yakabaki juu. Katikati pakawa na mstari mwembamba kama uzi.

"Maji ni mazito," Mjomba akasema. "Yakiingia tangini yanakwenda kukaa chini kabisa, na injini nayo inanyonya kutoka chini kabisa. Injini haili maji, mama. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla haijaruka, tunatoa kikombe kila tangi. Tafuta mstari. Ukiuona, mwaga, toa kingine, mpaka usiuone tena. Usipouona, safi."

Nikakariri hivyo: usipouona, safi. Nilikariri kwa miaka minne.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, wa tumbo moja, na kazi yake ilikuwa ufundi wa ndege. Nilipomaliza shule ya msingi na ya mbele ikashindikana, alinichukua, akanipa chumba, akanipa ndoo, akanipa matambara. Kazi yangu ikawa kuosha ndege. Banda letu liko mwisho wa kiwanja kidogo cha ndege, bati tupu, sakafu ya saruji mbele yake, na ndani zilikaa ndege mbili za injini moja moja, viti vinne vinne. Mpya tuliiita Mjukuu, ingawa naye alikuwa na umri kunipita mimi. Nzee tuliiita Bibi.

Anayeosha kitu kwa mkono anakijua kuliko anayekiendesha. Bibi nilimjua kwa tambara. Chini ya pua alikuwa na bati lililokunjamana kidogo; hapo aliwahi kutua kwenye tope akazamisha pua, mimi sijazaliwa. Mkiani alikuwa na kiraka cha ukubwa wa sahani. Hicho kilikuwa cha ng'ombe. "Ng'ombe alikufa, Bibi akapona," Mjomba alipenda kusema, "mwenye ng'ombe ndiye mpaka leo hajapona." Na bawa la kushoto halikuwa lake. Ribiti zake, vile vichwa vya misumari inayoshika bati, zilikuwa kubwa kuliko za kulia, na zilipangwa safu mbili badala ya moja. Lilitoka kwenye ndege nyingine iliyoanguka mbali huko na isinyanyuke. Kwenye kitabu cha Bibi, ambamo huandikwa kila kilichompata, ajali yake ya tatu, iliyomvunjia bawa, ilikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi: bawa la kushoto limebadilishwa. Limetoka wapi, kitabu hakikusema.

"Mjomba, hii si hatari?" nilimuuliza siku moja.

"Hatari ni nini? Ndege haina mkosi. Watu ndio wana mkosi."

"Na injini moja?"

"Mioyo unayo mingapi?"

"Mmoja."

"Na unatembea nao barabarani bila wasiwasi. Haya, osha."

Rubani wa Bibi tulimwita Mapema, kwa kuwa alichelewa kila siku aliyojaaliwa kuamka. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi upande mmoja, upande wa pili limepigwa na upepo. Hakuwa mzembe angani. Mjomba mwenyewe alisema akishakaa kitini anakuwa mtu mwingine, hasemi neno la mzaha. Ila kufika ndiko kulimshinda. Kwa kawaida kikombe ni kazi ya rubani. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Lakini kwa sababu ya Mapema, kwetu kikawa kazi ya Mjomba, na Mjomba akawa anasaini karatasi mwenyewe, na Mapema akawa anauliza tu.

"Bosi wa Matambara!" alikuwa akiniita akiwa bado getini. "Bibi ameamkaje?"

"Ameamka na kukungoja."

"Ameanguka mara tatu na bado anachumbiwa. Wewe hujaanguka hata mara moja na huna mchumba. Jifunze kwa wakubwa."

Sasa nieleze kuhusu mlango. Mlango wa banda ulikuwa wa bati lenye kutu, na sote tulikuwa na mazoea ya kuinua kikombe upande wa mlango, kwa sababu upande wa pili jua la asubuhi linakuchoma macho. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya, tuliupaka rangi. Mjomba alipata makopo mawili ya buluu, nikaupaka mwenyewe, tabaka mbili, ukapendeza hata wapita njia wakausifia. Mazoea hatukuyabadilisha.

Na nieleze kuhusu kifuniko. Kila bawa lina tangi ndani yake, na juu ya bawa kuna kifuniko cha kujazia mafuta. Chini ya kifuniko kuna mpira wa kuzuia maji. Kifuniko cha bawa la kushoto, lile la kuazima, mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Niliuona nikiosha. Nikamwambia Mjomba.

"Nimeshauona. Umeagizwa."

"Utafika lini?"

"Utakapofika. Nimeupaka grisi, unabana. Usinyunyizie maji moja kwa moja pale, basi."

Wiki mbili zikapita. Ikaja siku Bibi amerudi kutoka safari ya vumbi, mwekundu kama tofali, na kesho yake alikuwa ampeleke muuguzi wa chanjo. Mjomba akataka ang'ae. Niliosha kwa mpira wa bomba, tumbo, mkia, mabawa. Nilikumbuka kifuniko. Nilikikwepa, nadhani nilikikwepa. Lakini vumbi lilikuwa limeganda, na maji yanayorushwa hayana adabu. Yalikusanyika juu ya bawa kuzunguka kifuniko, yakakaa pale kama kidimbwi, nami nikashuka kwenda kuosha magurudumu.

Asubuhi ile Mjomba alikuwa amelala chini ya Mjukuu, gurudumu moja limefunguliwa, mikono yote miwili imeshika kitu kisichotaka kuachiwa.

"Mama! Nitolee vikombe vya Bibi."

"Mimi?"

"Kuna mwingine anaitwa mama humu? Si unajua?"

Najua. Nilikuwa nimetazama mara elfu. Nilikwenda kushoto, nikabonyeza, kikombe kikajaa. Nikakiinua mbele ya mlango. Buluu, juu mpaka chini. Nikatafuta mstari. Nikakigeuza, nikakitikisa, nikautafuta tena. Hapakuwa na mstari. Nikakimwaga kwenye saruji upande wa kushoto. Nikaenda kulia, nikafanya vile vile, buluu, hakuna mstari, nikamwaga upande wa kulia. Kwa harufu nisingejua lolote, kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa inanuka petroli. Tangu alfajiri nilikuwa nafuta oili tumboni mwa Bibi kwa tambara lililochovywa petroli.

"Vipi?" Mjomba akauliza kutoka chini.

"Hakuna mstari."

"Safi. Niletee karatasi." Akatoa mkono mmoja, akasaini akiwa amelala vile vile.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye sanduku la barafu alilolikumbatia kama mtoto. Mapema alifika amechelewa kwa dakika ishirini, kwake hiyo ni mapema.

"Baba, hiki kidude ni salama?" muuguzi akamuuliza, akiitazama ndege kama mtu anayetazama ngazi mbovu.

"Mama, ya hatari ni barabara uliyojia. Hapa umeshavuka." Muuguzi akacheka, akafunga mkanda. Mapema akanigeukia. "Bosi, vikombe?"

"Tayari."

"Mstari?"

"Hakuna."

"Basi mimi nani nibishane na bosi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Aliwasha, akasogea, akaenda taratibu mpaka mwisho wa njia ya kurukia, akasimama kule kupasha injini moto. Mimi nikachukua ufagio.

Mafuta ya ndege yakimwagika juani hayakai. Hujamaliza kukunja tambara, saruji imekauka na kurudi rangi yake. Upande wa kulia, pale nilipomwaga kikombe cha pili, palikuwa pakavu, hata alama haipo. Upande wa kushoto palikuwa na doa bichi, jeusi, limetulia.

Nililiona.

Injini ilikuwa bado inanguruma kule mwisho. Kutoka pale nilipo mpaka Mjomba ni hatua kumi. Redio ya kuongea na rubani ilikuwa mezani. Nikawaza: labda ni maji ya jana, nilipooshea. Nikafagia kando yake.

Bibi alikimbia, akanyanyuka, akapita juu ya uzio. Kisha nikasikia kikohozi, kama cha mtu aliyepaliwa na uji. Kikohozi kimoja, kingine, halafu kimya. Sijawahi kusikia kimya kikubwa kama kile. Mjomba alitoka chini ya Mjukuu akikimbia, magoti yanavuja damu. Kule juu Bibi akaanza kuinamisha bawa, anageuka, anataka kurudi kiwanjani.

"Usigeuke!" Mjomba akapiga kelele, kana kwamba anasikika. "Nenda mbele! Mwanangu, nenda mbele tu, usigeuke!"

Bawa la kushoto likalala. Halikuinuka tena. Akaingia kwenye shamba la mahindi nyuma ya uzio, na sauti yake haikuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Ilikuwa kama mlango wa bati unaofungwa na upepo.

Tulipofika, Mapema alikuwa kitini, mkanda umefungwa vizuri. Muuguzi alipumua mpaka tulipomlaza kwenye majani, akaniuliza sanduku liko wapi, nikamwambia lipo. Hakuuliza jingine.

Moto haukuwaka. Tangi la kulia lilibaki zima. La kushoto lilipasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, na kilichokuwamo kikanywewa na udongo.

Mchunguzi wa ajali za ndege alikuja siku ya pili, mtu mpole, mnene kidogo, amevaa buti za mvua ingawa hapakuwa na mvua. Vipande vya Bibi vilipangwa juu ya turubai bandani, kila kimoja mahali pake, kama mtu anayeshonwa upya. Alinikuta nikivitazama.

"Dada, wewe unaijua ndege hii?"

"Naiosha."

"Haya, nionyeshe."

Nikamwonyesha pua, mkia, bawa. Nikamwambia ribiti zile si zake. Akainama, akazihesabu, akaandika, akanitazama tena kwa macho mengine. "Kwenye kitabu ajali mbili zimeelezwa. Hii ya tatu imefichwa kwenye mstari mmoja." Akashusha pumzi. "Aina hii ya ndege ina sifa nzuri. Inasamehe mengi. Watu wanaitua vibaya, wanaigongesha, inakubali. Ukisoma mafaili yake, kinachoua mara nyingi si kikubwa. Ni kitu ambacho mtu amekifanya kila siku."

Kisha akamwita Mjomba. Mimi nilikuwa pale pale, ndoo mkononi.

"Mzee, nani alitoa mafuta ya kukagua asubuhi ile?"

"Mimi," Mjomba akasema.

"Ulionaje?"

"Safi. Na saini hiyo hapo."

Nilitumbukiza tambara ndooni. Mjomba hakunitazama.

Ikawa hivyo. Mafuta yalikuwa safi, fundi alisaini, kwa hiyo kosa ni la aliyekuwa kitini. Alifika amechelewa, getini walithibitisha. Alikuwa na haraka. Injini ilipozima, badala ya kwenda mbele aligeuka akiwa chini mno. Mchunguzi hakusema limekwisha, alisema atakaa mpaka Ijumaa, lakini watu hawakungoja Ijumaa. Sokoni, msikitini, kanisani, kote habari ikawa moja: Mapema amemuua muuguzi kwa haraka zake.

Siku ya tano mama yake Mapema akaja bandani. Mama mfupi, kanga imefungwa vizuri, viatu vya kutokea. Nilimpa kiti, akakikataa, akakaa kwenye tairi kuukuu.

"Nilikwenda kumzika yule muuguzi," akasema. "Nilikaa kwenye benchi. Waliokuwa wamekaa wakahama mmoja mmoja. Benchi refu lile, nikabaki peke yangu kama mwenye ukoma."

Mjomba akasema, "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu sijaiuliza. Nauliza ya mwanangu." Akanigeukia mimi. "Wewe ulimwona wa mwisho. Mwanangu tangu tumboni alichelewa, wiki mbili nzima nilimngoja. Lakini kuharakisha hakujui. Akichelewa, amechelewa, anatembea vile vile. Siku ile aliharakisha?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini?"

Nikainama kuokota tambara. Mjomba akajikohoza. Mama Mapema akainuka, akapangusa vumbi la tairi kwenye kanga, akaenda zake bila kuaga.

Alipotoka, nilichukua kikombe kile kile, nikakichovya kwenye ndoo ya maji safi, nikakiinua mbele ya mlango.

Buluu. Juu mpaka chini. Hakuna mstari.

Nikakigeuza upande wa uwanja, juu ya saruji. Meupe, maji ya kunywa. Nikakirudisha mlangoni. Buluu. Mstari unakuwapo maji yakikutana na mafuta. Kikombe kikijaa maji peke yake, yatakutana na nani? Na rangi, rangi nilikuwa nimeipaka mwenyewe, tabaka mbili.

Nilikaa chini. Nikaliona lile doa tena kama lipo.

Kesho yake mchana Mjomba alikuwa anamtayarisha Mjukuu. Kulikuwa na mtu anasafirishwa jioni. Alitoa kikombe, akakiinua mlangoni, akakunja jicho. "Safi," akasema, akachukua kalamu.

"Mjomba, usisaini."

"Nini tena?"

Nikamwambia yote. Kikombe, mlango, mpira wa kifuniko, kidimbwi juu ya bawa. Alisikiliza kalamu iko hewani. Nilipofika kwenye doa alifumba macho.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi limekufa hapa hapa."

"Mama Mapema—"

"Sikiliza, mama." Sauti yake ilishuka, na alipoishusha ndipo nilipoogopa. "Nani alipaka mlango? Nani alimwaga maji? Nani alitoa kikombe? Mimi nimesema 'mimi' nikijua ninalolisema. Nimekukinga. Saini ni yangu, mpira ni wangu, sijakataa. Lakini kamba ikivutwa hapa, sote wawili imetukaa shingoni. Mapema hafungwi. Marehemu hafungwi."

"Wanamtenga mama yake."

"Watasahau."

"Na Mjukuu?"

Akakitazama kikombe alichokuwa ameshika. Taratibu akakitoa mbele ya mlango, akakipeleka kwenye mwanga. Kilikuwa mafuta. Hata hivyo alikishusha vibaya, mafuta yakamwagikia viatuni. "Tutaupaka mlango rangi nyeupe," akasema. "Kesho. Yatakwisha."

Mtu aliyenilea, aliyenipa chumba na kazi, alikuwa ananiomba jambo moja. Hakuwahi kuniomba lolote kabla. Nilikwenda kufua matambara. Nilifua hata yaliyokuwa safi.

Ijumaa mchunguzi alikuwa anafunga mkoba wake. Mjomba alikuwa anapiga brashi mlango, kopo la nyeupe miguuni. Nusu ya juu ilikuwa imekwisha. Nilijaza vikombe viwili, nikavishika mbele ya nusu ya chini iliyobaki buluu, nikamwita mchunguzi.

"Bwana, nisaidie. Hivi viwili ni nini?"

Akasogea, akakunja jicho kama anavyokunja Mjomba. "Mafuta. Vyote. Safi."

"Una hakika?"

"Dada, miaka ishirini nafanya kazi hii."

Brashi ya Mjomba ikasimama. Nikavimwaga vyote juu ya saruji, kimoja kushoto, kimoja kulia, nikasema, "Tungoje."

Tukangoja. Jua lilikuwa kali. Doa la kulia likaanza kupungua kingo, likawa kama kiganja, kama sarafu, likatoweka. La kushoto likabaki, jeusi, limetulia. Mchunguzi alichuchumaa na buti zake, akagusa, akanusa kidole. Akaugeukia mlango. Akautazama kwa muda mrefu sana, kisha akamtazama Mjomba aliyeshika brashi nyeupe, na sikuhitaji kumweleza kwa nini unapakwa leo.

"Asubuhi ile kikombe nilitoa mimi," nikasema. "Si Mjomba. Na hivi ndivyo ilivyokuwa, la kulia lilikauka, la kushoto likabaki. Ndege ilikuwa bado chini, inapasha moto. Nililiona. Nikafagia kando yake."

Mjomba aliweka brashi juu ya kopo kwa uangalifu, isidondoshe.

"Mzee?" mchunguzi akauliza.

"Ndivyo," Mjomba akasema. "Saini nilisaini nimelala." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Walichukua cheti chake cha ufundi siku ile ile. Yeye wakamwita mjini mara mbili, mimi mara tatu, na lini litakwisha hatujui. Kwenye nyumba tunapishana kama wapangaji. Chai nampelekea, anapokea, anasema ahsante. Zamani hakusema ahsante, alisema "sukari umeificha wapi, mama?"

Lakini kabla ya safari hizo za mjini, jioni ya Ijumaa ile, jua likiwa bado juu, nilikwenda kwa mama yake Mapema. Anakaa kwenye nyumba ya vyumba vingi, ua mmoja, bomba moja, kila mlango na mwenyewe. Wanawake walikuwa wanafua na kusuka. Yeye alikuwa kibarazani kwake peke yake, na kati yake na wengine palikuwa na nafasi ambayo hata watoto waliizunguka.

Nilipiga magoti, nikamweleza. Nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alizungusha bangili mkononi.

"Kwa hiyo alikuuliza vikombe."

"Aliuliza, mama."

"Ukamwambia tayari."

"Nilimwambia tayari."

"Na hakuharakisha."

"Alichelewa tu. Hakuharakisha. Na kugeuka, alitaka kumrudisha yule mama kiwanjani."

"Na doa uliliona."

"Niliona."

Nilingoja kofi. Nilikuwa nimelitandikia shavu kabisa. Yeye akainuka, akajifunga kanga upya, akasimama mbele ya kibaraza na kupiga makofi mawili, kama mtu anayefukuza kuku. Ua mzima ukageuka. Walioinama bombani wakanyooka. Mwenye kusuka akashika msuko hewani.

"Njooni," akawaambia. "Njooni wote, karibuni zaidi, acheni nguo." Walisita, kisha wakasogea, wakaijaza ile nafasi. Akanishika mkono, akaninyanyua kutoka magotini, akanigeuza niwatazame.

"Sema tena," akaniambia. "Kwa sauti. Anza na kikombe."

Sauti ya kwanza ilitoka mbovu. Mtu wa nyuma akasema hasikii. Nikaanza upya.